Kabla Hujawasimulia kwa Wageni

Handeni, Tanga

Mwanangu mpendwa,

Baba yako mguu unaendelea vizuri, na bibi yako kila akisikia simu inalia anadhani ni wewe. Ujumbe wako wa sauti niliusikiliza mpaka mwisho. Umelalamika kwamba baridi ya Karatu inaingia mpaka kwenye mifupa na vumbi jekundu halitoki kwenye mashati, na kwamba jioni mnakaa chumbani watu watatu, wote wa Tanga, mnapika wali wenu na kuongea habari za nyumbani. Sweta nimeshampa dereva wa basi la Arusha. Hilo la watu watatu ndilo lililonifanya nishike kalamu, maana kwenye simu ungenikatisha.

Sina ugomvi na hao wenzako. Mtu akiwa ugenini lazima awe na mahali pa kupumzisha ulimi. Lakini wewe umekwenda kusomea kuongoza watalii, na mji huo si wa kawaida. Ukitoka stendi ukaenda sokoni, unapishana na watu ambao lugha zao hazina undugu kabisa. Wairaqw, ambao ndio wengi hapo, lugha yao ni ya Kikushi. Wamaasai na Wadatoga ni Waniloti. Wanyiramba, Wachaga na wewe Mzigua ni Wabantu. Halafu kule Ziwa Eyasi wapo Wahadzabe, watu elfu moja na mia chache tu, na lugha yao wataalamu wameitafutia ndugu duniani kote hawajampata. Kuna maprofesa wanaovuka bahari kuja kuzisikiliza lugha hizo. Wewe umewekwa katikati yake, halafu unapika wali na Wabondei!

Umeuliza: nianzeje? Umesema Wairaqw wa darasani kwenu ni wapole, wanakusalimia vizuri, lakini hakuna anayekwambia twende nyumbani. Unangoja mwaliko. Wazee wetu walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mimi nakwambia usingoje ya tatu. Liombe jembe mwenyewe.

Mambo haya sikuyapata kwenye semina. Miaka ya 80 nilichaguliwa kwenda Weruweru, kule Moshi, enzi za mkuu wa shule Mama Maria Kamm. Serikali ilikuwa imekwishachukua shule za misheni, na watoto walichanganywa kwa makusudi, wa kaskazini akapelekwa kusini, wa pwani akapelekwa bara. Hakuna mwalimu aliyetuita darasani kutufundisha kuyapenda makabila mengine. Tulipewa jembe, ndoo na zamu. Ukiwa zamu ya jikoni na binti wa Kihaya kabla ya jua kuchomoza, uji ukiungua mnaadhibiwa wote wawili, na kuanzia siku hiyo mna jambo la kuzungumza. Jirani yangu wa kitanda alikuwa Mwiraqw wa Karatu, ambayo wakati huo ilikuwa bado ndani ya Wilaya ya Mbulu. Muhula wa kwanza ulipita kwa salamu tu. Kilichotuunganisha ni pasi ya mkaa. Yeye alikuwa nayo, mimi sina. Niliiazima, nikairudisha pamoja na kipande cha sabuni. Wiki iliyofuata akaja yeye kuazima daftari langu la historia. Tangu hapo hatukuwahi kuwa sawasawa, kila mara mmoja wetu alikuwa anadaiwa kitu, na nadhani ndiyo maana hatujaachana mpaka leo.

Kwa ajili ya pasi ile nilikuja kulala kwao. Nikala makande na maziwa mgando ya mama yake, na babu yake akanionyesha mahali palipokuwa na nyumba ya kale, iliyochimbwa ndani ya mteremko mpaka paa likawa usawa wa ardhi, ili Wamaasai wakija kuteka ng'ombe wapite bila kuiona. Mzee alisimulia huku akicheka, na pembeni yake alikuwa ameketi Mmaasai, rafiki yake wa mnadani, naye anacheka na kumsahihisha.

Kwa hiyo usimwendee mtu ukamwambia unataka kujifunza utamaduni wake. Mtu akiambiwa hivyo hujikaza, akaanza kukupa yale anayodhani unataka kusikia. Mwendee na shida ndogo ya kweli. Mwulize fundi gani wa viatu hapo mjini si mwizi. Mwombe akufundishe kuwasha jiko la kuni zenye unyevu, maana wewe umezoea gesi ya mama yako.

Halafu toka chumbani. Mnada wa Karatu ni tarehe 7 na 25 za kila mwezi, nao ni darasa kuliko hilo unalolipia ada. Usiende kushangaa tu. Tafuta mwenzako ambaye kwao wanauza mbuzi au mahindi, nenda naye alfajiri, shika kamba, beba gunia. Ukisimama na mbuzi wa watu saa tatu juani, kila anayekuja kupatana bei atakuuliza wewe ni mtoto wa nani, na mwenye mbuzi atalazimika kujibu. Siku hiyo utakuwa umetambulishwa kwa nusu ya wilaya bila kufungua mdomo. Ukipata likizo fupi, omba kwenda Mang'ola wakati wa kuvuna vitunguu. Kule mifereji ya chemchemi imevuta watu kutoka kila upande wa nchi, na shamba moja linaweza kuwa na mwenye ardhi Mwiraqw, aliyelikodi Mchaga, vibarua Wanyiramba na Wasukuma, na ng'ombe wa Mdatoga wanaosubiri mabaki pembeni. Utavunjika mgongo. Lakini wakati wa kukata majani na kujaza magunia watu huongea sana, na hakuna anayemwigizia mwenzake.

Msiba nao usiukwepe. Ukisikia mwenzako amefiwa, usiishie kutuma ujumbe wa pole. Nenda, chota maji, panga viti, kaa na vijana kwenye moto usiku. Huna haja ya kujua sala zao. Watakaokuona unaosha masufuria saa saba za usiku hawatakusahau.

Utaogopa chakula, najua, kwa sababu ya dini. Usiogope. Watu wa huko wengi ni Wakristo, Wakatoliki na Walutheri, lakini wanajua Mwislamu anakula nini kuliko unavyodhani. Ukifika kwenye nyumba ya heshima watakuletea kuku akiwa hai na kisu, wakuombe uchinje mwenyewe. Chinja vizuri, kwa jina la Mungu, usijifanye hujui kushika kisu mbele ya wazee. Ukipewa pombe ya kienyeji, shukuru kwa adabu, sema dini hainiruhusu, omba maziwa. Hakuna atakayechukia. Wanachochukia ni mtu anayenusa chakula kwanza.

Utani pia uende nao polepole. Sisi wa pwani tumezoea kumrushia mtu neno siku ya kwanza, na huku Wasukuma wanataniana na Wazaramo mpaka msibani. Huko usichukulie kwamba utani upo tu. Subiri mwenyeji aanze. Na Wadatoga usiwaite Wamang'ati hata ukisikia mji mzima unawaita hivyo. Jina hilo walibandikwa na waliokuwa wakipigana nao.

Sasa nije kwenye linaloniweka macho. Kazi unayosomea itakufundisha kuwasimulia watu. Utajifunza kwamba asubuhi unawapeleka wageni kwa Wahadzabe kuona wanavyowinda kwa upinde, baadaye kwa wahunzi wa Kidatoga wanaoyeyusha vyuma chakavu kufanya bangili na vichwa vya mishale, na kesho yake kwenye boma la Kimaasai kutazama watu wakiruka. Si kazi mbaya. Inalipa ada za watoto wengi, na kuna wenyeji wanaoipenda na wanaoijua vizuri kuliko walimu wenu. Lakini kuna hatari kijana wa miaka ishirini akaanza kuwaona wenzake wa darasani kama vituo vya safari. Nimewaona wa namna hiyo: yuko mezani na mtu, anakula chakula chake, huku kichwani anapanga atakavyomweleza kwa wageni wiki ijayo. Mtu huhisi.

Chukua mfano wa kreta ya Ngorongoro yenyewe. Utafundishwa kina chake, kama mita 600, na faru, na msitu wa Lerai. Utafundishwa pia kwamba humo ndani kuna kaburi la mkubwa mmoja wa Kidatoga wa zamani, kabla Wamaasai hawajawaondoa, na kwamba Wadatoga bado hushuka kwenda kuomba pale. Wageni hulipenda sana hilo, wananyamaza garini. Lakini ukiwa na rafiki wa Kidatoga, usimtajie kaburi hilo wewe kwanza. Mwache alitaje yeye akitaka, na akilitaja, lile alilokwambia yeye lisiingie kwenye maelezo yako ya kazi mpaka umwulize. Yako mambo utakayoyajua kwa sababu ni rafiki, na hayo hayauzwi hata kwa bakshishi ya dola. Picha nazo ni hivyo hivyo. Picha ya mama wa rafiki yako akiwa na vazi lake la ngozi usiiweke kwenye mtandao ili upate wafuasi.

Umeniuliza habari za Wamarekani wa Rhotia. Hao wa School for Field Studies ni wanafunzi kama wewe, wanakuja kwa muhula kusoma habari za wanyamapori na mazingira, wengine ni mara yao ya kwanza kutoka kwao. Wazungumze kama vijana. Ukimwalika mmoja chai, lipa wewe, hata kama ni chai na andazi, maana wamezoea kulipia kila kitu na wanajua kwa nini. Usimpelekee shida ya ada mwezi wa kwanza. Wanauliza maswali ya moja kwa moja, ya umri, ya mapenzi, ya dini, bila kuzunguka, na hawana ubaya. Uliza nawe. Wataondoka, hilo ndilo gumu kwao na kwako. Ila sioni sababu ya kumnyima mtu urafiki kwa kuwa tiketi yake ya kurudi imeshakatwa.

La mwisho ni zito, na wenzako wengi hawana uzoefu nalo. Tangu Juni 2022 familia za Kimaasai kutoka Ngorongoro zimekuwa zikihamia Msomera, hapa hapa wilayani kwetu. Serikali inasema ni kwa hiari. Huko juu, Endulen na Nainokanoka, wengi wamepinga, na wazee wao wanakumbusha kwamba mwaka 1959, walipoondolewa Serengeti, waliahidiwa kwamba Ngorongoro wataishi. Na hapa Msomera walikuwepo watu kabla yao, nao wana yao ya kusema. Ukikutana na kijana wa Endulen darasani atakuuliza kwenu wapi. Utasema Handeni, na uso wake utabadilika. Usiseme Msomera ni pazuri, usiseme ni pabaya, wala usimwulize nyinyi mnahama lini, maana swali hilo ameulizwa na kila mtu, wakiwamo wenye bunduki na wenye kamera. Akitaka kujua, mpe unachokijua kwa macho yako: maji yanatoka wapi, jua linavyochoma mwezi wa pili, ng'ombe wanauzwaje mnadani kwetu.

Mimi nina mteja wangu wa mahindi, mama aliyetoka huko juu. Namwita yeyo, yaani mama, yeye ananiita mwalimu. Joto na mbu wa huku vinamsumbua kama baridi inavyokusumbua wewe, na majirani zangu wengine bado wanampita bila salamu. Tumeanza kwa kilo mbili za mahindi alizochukua kwa mkopo. Akalipa kwa maziwa, yakazidi deni, sasa mimi ndiye ninayedaiwa.

Kwa hiyo ukimpata huyo kijana, na mkifika mahali pa kuongea hayo, mwulize kama ana ndugu huku. Anitajie boma la nani. Siku ya mnada magari ya Msomera yanapita mbele ya duka langu, naweza kupeleka barua, dawa, au simu iliyotengenezwa. Na kama hao ndugu zake wana lolote la kuleta Karatu, nitaliweka kwenye basi kwa jina lako, utalifuata stendi na kulikabidhi mwenyewe, mkononi.

Wasalaam,

Shangazi yako