Bayek na Aya hawakurudiana, na Kizimbani watu hawajanyamaza

Wadau wangu, natanguliza onyo. Kama hujamaliza Assassin's Creed Origins na ile nyongeza yake ya The Hidden Ones, na unapanga kuimaliza, funga hapa uende zako. Najua gemu yenyewe ni ya Oktoba 2017 na nyongeza ilitoka Januari 23, 2018, ni zamani sana kwa watoto wa mjini wenye PS5. Huku shamba gemu haina tarehe. Inaanza siku diski inapofika.

Na huyu ninayemuandika leo simtaji, msinifuate inboksi. Nimemuomba ruhusa, kanambia andika unachotaka ila jina langu na jina la mke wangu yaache. Alisema "mke wangu". Sikumsahihisha.

Naandika kwa sababu maneno yamezagaa huku kuwa gemu imevunja ndoa ya mtu. Nimeyasikia kwenye daladala ya Darajani, nimeyasikia dukani nikinunua mkate, mpaka bibi yangu ambaye hajui pedi inashikwaje kaniuliza. Sasa mimi nilikuwepo, tena nilikuwa nimekaa pembeni yake anacheza. Kwa hiyo nisikilizeni.

Kwa wasioijua: Origins ni Misri ya wakati wa Kleopatra. Unamchezesha Bayek, mlinzi wa watu kutoka Siwa, anayewasaka waliosababisha kifo cha mwanawe, Khemu. Mkewe Aya naye anawasaka kivyake. Watu wanaifagilia kwa mapiramidi na ngamia na mamba wa Mto Nile, na kweli imechorwa kinoma, ila ukivua yote hayo unabaki na baba na mama waliofiwa na mtoto. Wanapendana, hilo hakuna wa kubisha, kila wakikutana unaona. Lakini msiba umekaa katikati na hautaki kuondoka. Mwisho wa gemu kila mmoja anashika njia yake. Si kwa ugomvi. Aya anabadilisha mpaka jina, anakuwa Amunet, na kilichobaki baina yao ni chama cha siri walichokianzisha pamoja.

The Hidden Ones inaanzia miaka minne baadaye, jangwa la Sinai. Warumi wanawabana watu, Bayek anakwenda kuwasaidia wenzake wa chama, na Aya naye anakuja. Ukiikazania ni kazi ya saa tano au sita tu. Bei yake ilikuwa dola 10.

Hapo kwenye saa na dola ndipo ugomvi wa kwanza ulipoanzia.

Sehemu yetu ya gemu ni chumba kimoja cha bati, si mbali na yale mahamamu ya zamani wanakopelekwa watalii wakishaonjeshwa mdalasini na hiliki. Pale unalipia mpira, mechi kwa mechi. Gemu za stori hazichezwi, mana hakuna atakayelipia saa 30 za Bayek huku nyuma yake watu sita wanasubiri mechi. Gemu za stori watu wanacheza majumbani, halafu wanakuja kubishania pale. Sijui kwa nini, lakini kubishania ni bure.

Bwana mdogo mmoja anayesoma chuo ndiye aliyekuwa wa kwanza kuiponda. "Dola 10 kwa usiku mmoja? Hiyo si nyongeza, hiyo chenji." Yeye anaishabikia nyongeza ya pili, The Curse of the Pharaohs, iliyotoka Machi 2018. Kule unapigana na mafarao waliokufa, na unapanda mpaka levo ya 55, wakati Sinai unakwama 45. Kwake yeye gemu inapimwa hivyo, kama mchele.

Jamaa wa bodaboda akamjibu kuwa yeye anamaliza kazi saa tatu usiku, ana saa moja ya kucheza kabla ya kulala, na gemu kubwa ilimchukua nusu mwaka. Nyongeza aliimaliza ndani ya wiki, na kwa mara ya kwanza alifika mwisho wa stori akiwa bado anaukumbuka mwanzo wake. Mimi hapo nilikuwa upande wa bodaboda. Sie tumekulia kisiwa kilichokaa miezi mitatu bila umeme, Disemba 2009 mpaka Machi 2010, waya wa baharini ulipokufa. Mtu aliyekulia hivyo anapenda kitu kinachoisha kabla luku haijaisha. Na isitoshe, kelele hizo si mpya. The Last of Us ilipotoa Left Behind, Februari 14, 2014, ilikuwa saa mbili tatu tu, watu wakalalamika vilevile, na leo wengi ukiwauliza ndiyo sehemu wanayoikumbuka.

Kuna dada mmoja pia, anasomea ualimu, anacheza vizuri kuliko sisi sote ila kibandani haingii, anatupitia mlangoni tu akirudi dukani. Malalamiko yake hayahusu saa. Anasema Aya kwenye gemu kubwa unamchezesha mpaka kwenye vita vya majini, ndiye anayemuua Kaisari kule Roma, halafu Sinai anakuja kama mgeni aliyealikwa chakula cha mchana. Na ana hoja. Mwaka 2020 Bloomberg waliripoti kuwa mpango wa mwanzo ulikuwa Bayek aumizwe au afe mapema, Aya aibebe gemu, na ndani ya kampuni mpango ule ukapunguzwa kwa imani kwamba wanawake hawauzi gemu. Bwana mdogo wa chuo alipoambiwa hivyo alinyamaza kama dakika nzima, na kwake yeye hiyo ni rekodi.

Haya, sasa huyo jamaa yetu.

Mwaka juzi alifiwa na mtoto wake wa kike, ana mwaka mmoja na miezi saba. Homa, siku tatu. Baada ya hapo nyumba ikaingia hesabu: yeye anasema mama alichelewa kusema, mama anasema baba alichelewa kurudi. Walikwenda hivyo miezi, kila mmoja na kalenda yake ya zile siku tatu. Siku moja kwa hasira akamuandikia talaka moja, mke akachukua nguo zake akaenda kwa wazee wake, ambako unafika kwa miguu.

Diski alipewa na kaka yake anayefanya kazi Muscat, alikuja likizo akaiacha. Gemu kubwa aliicheza peke yake, usiku, kwenye nyumba iliyokuwa imekuwa kubwa ghafla. Mimi sikumwambia mapema stori inahusu nini. Alikuja kujua mwenyewe, na nilidhani ataizima. Hakuizima. Kitu kimoja kilichomvuta ni sauti. Aliniambia huyu Bayek anaongea Kiingereza lakini kuna kitu anakifahamu. Nikamtafutia: aliyetoa sauti ni Abubakar Salim, Muingereza mwenye asili ya Kenya. Akacheka, akasema jina lenyewe kama la jirani. Ndiye huyohuyo aliyekuja kutengeneza gemu yake mwenyewe, Tales of Kenzera: ZAU, ikatoka Aprili 2024, unaweza kuicheza kwa sauti za Kiswahili, na aliitengeneza kwa ajili ya kumkumbuka baba yake aliyefariki. Nikamwambia hiyo ndiyo ifuate. Akakataa. "Msiba mmoja unanitosha, sheikh."

Alichokitaka ni nyongeza. Alikuwa ameona mwisho wa gemu kubwa, wale wawili wanaachana, na alikuwa amesikia kibandani kuwa Sinai Aya anarudi. Akanishika mkono nje ya msikiti baada ya Isha: "Wanarudiana?" Nikamwambia cheza mwenyewe. Mnajua eda? Talaka moja, mke yuko ndani ya eda, mume akitaka anamrejea kwa neno tu, hahitaji ndoa mpya. Eda ilikuwa imebakia wiki kama tano. Kwa hiyo aliponiuliza vile nilijua haniulizi habari za Wamisri.

Kuipata ilikuwa kazi. Duka la PlayStation la mtandaoni Tanzania halipo kwenye orodha yake, unafungua akaunti ya nchi nyengine, na nyongeza lazima iendane na kanda ya diski, la sivyo umetupa pesa. Diski yake ilitoka Oman, kwa hiyo kaka mtu akanunua kadi ya dola 10 kulekule, akatuma namba za siri kwa WhatsApp, na sisi tukakesha tukisubiri bando la usiku lishushe mzigo.

Aliicheza usiku mbili. Wa pili nilikuwepo. Sitawasimulia misheni zote, kuna machimbo ya mawe, kuna kiongozi wa waasi anaitwa Gamilat ambaye unaanza ukimuamini na humalizi ukimuamini. Aya alipotokea, jamaa aliiweka pedi mapajani akakaa sawasawa, kama mtu aliyesikia hodi. Wakazungumza. Warumi, chama, nani auawe, nani aachwe, chama kijifiche vipi. Yeye anasubiri. Kila wakikutana anasubiri. Mpaka majina ya waliotengeneza yakaanza kupanda kwenye kioo.

"Ndiyo basi?"

Nikamwambia ndiyo basi.

"Wamezungumza kazi tu."

Habari zikafika kibandani, sijui kwa mdomo wa nani, wangu hapana. Bwana mdogo wa chuo akasema waandishi waoga, watu wamelipa pesa yao walitaka warudiane, wangewarudisha kwani wangepungukiwa nini. Wa bodaboda akasema wangerudishwa angeiona gemu ya kitoto, mana gemu kubwa nzima imekwambia kwa nini haiwezekani. Dada wa ualimu yeye alisimama palepale mlangoni na mfuko wake wa unga, akauliza, "Mnataka arudi wapi? Nyumbani yupo nani?"

Hapo palikuwa kimya, wallahi.

Mimi nipo na dada, ila nusu. Kuwarudisha ilikuwa rahisi. Busu moja, machweo ya jangwani, watu wanalia, dola 10 zimelipwa. Lakini wale si watu waliogombana, ni watu ambao kila mmoja akimtazama mwenzake anamuona mtoto, na dawa ya hilo haipatikani kwenye nyongeza ya saa tano. Nusu nyengine ambayo dada haioni, na bwana mdogo ndiyo kabisa, ni kwamba amekuja. Miaka minne imepita, ana jina jengine, ana kazi zake Roma, na amekuja. Wanasimama pamoja wanapanga mambo bila kurushiana lile la mtoto. Wachezaji wengi wanasema mazungumzo yale yamepoa. Kwangu mimi ndiyo mazungumzo pekee ambayo wawili wale wangeweza kuyafanya, na nadhani aliyeyaandika alilijua hilo.

Eda ikaisha. Jamaa hakusema neno la kumrejea, na upande wa kule hakuna aliyelituma ombi. Kabla ya hapo alikwenda kwa mzee wake mmoja, wakakaa alasiri nzima, na walichozungumza mimi sikijui. Ndipo yakaanza hayo maneno ya gemu imevunja ndoa. Ndoa ile ilikuwa imevunjika kabla diski haijapanda ndege, na anayesema vyengine amuulize mama mzazi wa mke, atamjibu vizuri zaidi kuliko mimi.

Kilichotokea baadaye ndicho ambacho kwenye daladala hakisemwi. Wawili wale walipoana walipanda vanila nyuma ya nyumba, mistari minne. Vanila kwa huku haina mdudu wa kuichavusha, unaichavusha kwa mkono. Ua linafunguka asubuhi moja tu. Unachukua kijiti chembamba au mwiba wa mlimau, unanyanyua kile kingozi cha ndani, unabonyeza kwa kidole gumba, basi. Ukichelewa mpaka mchana limenyauka, na limeondoka na ganda lako. Mke ana mkono wa kazi hiyo. Jamaa anavunja nusu ya maua.

Msimu ulipoanza akampigia simu, mara ya kwanza tangu aondoke. Kwa alivyonisimulia, alisema maneno mawili: "Maua yamefunguka." Kesho yake kabla ya saa mbili asubuhi mke alikuwa shambani na mdogo wake wa kiume, mana eda imeisha na watu wana macho. Alifanya mistari mitatu, jamaa akafanya mmoja. Wakakubaliana mavuno yakitoka ni nusu kwa nusu. Amekuja hivyo karibu kila asubuhi mpaka maua yakaisha.

Nilimuuliza wanazungumza nini kule shambani muda wote huo.

"Vanila," akanambia.

Maganda yanataka kama miezi tisa mpaka yakomae, kwa hiyo bado. Bwana mdogo wa chuo anamsumbua kila siku aicheze The Curse of the Pharaohs, anamwambia ile ndiyo nyongeza ya kweli, mara mbili ya ile ya Sinai. Na bei yake pia ni mara mbili, dola 20. Jamaa anasema kadi hiyo isubiri vanila iuzwe.