Nauli ya Konza, Kadi ya Seoul

Kila Agosti inapoelekea ukingoni, vijana kutoka nyumbani Kenya huanza kutua Incheon, Korea Kusini, na barua za ufadhili mkononi, na kabla ya kutua huwa wameshaniandikia. Wanauliza kuhusu baridi, unga wa ugali, kanisa, na kama kuna mtu wa kusuka nywele. Yote nayajibu. Lakini ushauri wangu wa kwanza ni ule ule: ukitoka forodhani, tafuta duka la saa 24, nunua kadi ya nauli ya T-money, mpe mwuzaji noti na umwonyeshe kwa kidole kwamba unataka ijazwe. Mengine utayapanga polepole.

Nasema hivyo kwa sababu mgeni anapoingia Korea Kusini huwa ni kama hayupo. Kitambulisho cha wageni huchukua wiki kadhaa kutoka, na kabla hakijatoka, kufungua akaunti ya benki ni shida, na kusajili laini ya simu kwa jina lako ni shida vilevile. T-money haikuulizi jina. Inataka pesa taslimu, inalia mlio mmoja, lango linafunguka. Ukiwa na njaa, unalipia mkate kwa kadi hiyo hiyo katika duka lile lile. Daejeon, ilipo taasisi ya sayansi ya KAIST na nilikoanzia maisha ya huku, ina njia moja tu ya treni ya chini ya ardhi, na kadi niliyoijaza Seoul ilifungua malango yake bila mjadala. Ubaya wake nao unatoka hapo hapo: ikikupotea, salio limekwenda nayo. Haikukujua, kwa hiyo huna wa kumlilia.

Kinachowashangaza wageni zaidi ni kugusisha kadi mara ya pili, wakati wa kushuka. Basi la kawaida la Seoul limekuwa likitoza won 1,500 tangu 2023, kitu kama shilingi 140 za Kenya. Ukishuka na kugusisha kwenye mashine ya mlango wa nyuma, kadi inaandika umeshukia wapi na saa ngapi. Ukipanda basi jingine au treni ndani ya dakika 30, hulipi upya. Unahesabiwa umbali wa safari nzima, na kilomita 10 za kwanza zinabebwa na nauli ile ya mwanzo. Wenzangu wa Ukambani wanalielewa jambo hili haraka kuliko wanafunzi wengi wa mataifa mengine. Mtu aliyezoea kutoka Konza hadi Machakos Country Bus pale Nairobi, akatembea katikati ya mji na mkoba kifuani, kisha akalipa upya kwenda Thika Road, na akalipa tena kuingia ndani ya mtaa, hahitaji kuelezwa maana ya kulipa safari moja mara moja.

Na halafu mvua. Julai mvua ya Seoul hushuka kana kwamba imetumwa, mchana na usiku, na nauli haisogei hata won moja. Mimi ni mtoto wa njia ya Mombasa. Nimekua nikijua kwamba wingu likitanda juu ya Athi River, aliyeko Nairobi ajiandae kupandishiwa bei, na kwamba Ijumaa ya Pasaka si Ijumaa ya kawaida. Nyumbani, bei ya kwenda kwa mama yako huisikia mlangoni mwa gari, kutoka kwa mtu anayekutazama viatu. Watu wa ughaibuni tuna tabia ya kupamba fujo hii tukiwa mbali nayo. Tunaiita uhai, tunaiita utamaduni. Mfanyakazi wa kibarua anayerudi Kyumbi na mia mbili mfukoni haiiti hivyo.

Kwa hiyo swali ambalo vijana huniuliza wakishazoea, kwa nini sisi hatuna kadi kama hii, ni swali la haki. Jibu ni kwamba tuliwahi kuwa nazo, tena zaidi ya moja. Mwaka 2013 Google na Equity Bank walileta BebaPay Nairobi. Ikafuata Abiria Card iliyoungwa mkono na KCB, kisha ikaja My 1963, iliyobeba jina la mwaka wa uhuru wetu. Kanuni za magari ya abiria za 2014 zikaweka siku: kuanzia Julai 1 mwaka huo, hakuna kupokea nauli taslimu ndani ya matatu. Siku ikafika, watu wakalipa noti. Ikasogezwa mbele, wakaendelea kulipa noti. Kufikia 2015 Google walikuwa wameifunga BebaPay. Kilichonichoma ni kwamba London ilikataza pesa taslimu ndani ya mabasi yake Julai 6, 2014, wiki hiyo hiyo, na mabasi yakaendelea kwenda.

Wakati ule wengi tulisema mashine ndizo mbovu, mtandao ndio unasumbua, Wakenya hawapendi mabadiliko. Hilo la mwisho ni la kuchekesha katika nchi iliyoanza kutumiana pesa kwa M-Pesa mwaka 2007. Nilianza kulielewa suala hili vizuri nilipojifunza Seoul yenyewe ilipitia wapi.

Mabasi ya Korea yalikuwa na makondakta. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1960 walikuwa wasichana, wengi wao kutoka vijijini, waliokuja mjini kusukuma watu ndani ya basi, kupiga ubavu wa gari kumwashiria dereva aondoke, na kukusanya nauli. Mshahara ulikuwa mdogo, saa za kazi nyingi, na sehemu ya pesa ilikwenda nyumbani kusomesha kaka zao. Kampuni ziliwashuku kwamba wanaficha sarafu. Wakawa wanapekuliwa mwilini baada ya zamu, jambo lililoleta aibu, migomo na hasira. Mwaka 1977 abiria wakaanza kulipa kwa tokeni za chuma badala ya sarafu, na moja ya sababu ilikuwa hiyo: tokeni haina faida ukiificha. Milango ikafanywa ya kujifungua yenyewe, kazi ikapungua, na mwishoni mwa 1989 sheria ikaacha kulazimisha basi kuwa na kondakta. Kadi ya basi ya Seoul ilikuja 1996, ikamkuta dereva yuko peke yake.

Hata hapo kazi haikuwa imekwisha. Kampuni za mabasi zilikuwa za watu binafsi, zikigombania barabara zenye abiria wengi na kuzitelekeza zile zisizolipa. Dereva alikimbiza gari na kuruka vituo. Msomaji wa Machakos hahitaji picha. Julai 1, 2004, miaka kumi kamili kabla ya Julai yetu, meya Lee Myung-bak, ambaye baadaye alikuwa rais, alibadilisha kila kitu kwa siku moja: njia mpya, namba mpya, mabasi ya rangi ya buluu, kijani, nyekundu na njano, na T-money juu yake. Siku zile za mwanzo mashine za kadi ziligoma, abiria wakapotea, meya akaomba radhi hadharani. Ingekuwa kwetu tungesema, si tuliwaambia.

Lakini chini ya ile kadi kulikuwa na badiliko ambalo abiria hakuliona. Nauli zote ziliingia kapu moja, na kampuni ikaanza kulipwa kwa kilomita ambazo mabasi yake yamekwenda, si kwa vichwa ilivyobeba. Dereva ana mshahara. Akibeba watu watano au hamsini, jioni yake ni ile ile. Pengo linalobaki jiji linalijaza kwa kodi, kila mwaka, na wakazi wa Seoul hunung'unikia gharama hiyo. Nauli isiyopanda wakati wa mvua si zawadi ya teknolojia. Kuna mtu anailipia.

Ajabu ni kwamba mwaka ule ule wa 2004, Februari, Kenya nayo ilikuwa na kanuni zake, zile za waziri John Michuki: mikanda, vidhibiti mwendo, sare, mstari wa manjano ubavuni mwa gari. Ndani yake kulikuwa na sharti kwamba dereva na kondakta waajiriwe kwa kudumu. Mstari wa manjano tunao hadi leo. Ajira ile sijaiona kwenye njia yetu. Kondakta bado anaamka saa kumi, anatafuta hesabu ya mwenye gari, anaweka mafuta, anawapa wa barabarani chao, na kinachobaki ndicho chake na cha dereva. Sasa mletee mtu huyo kadi inayopeleka kila shilingi benki moja kwa moja. Umemwomba afanye kazi siku nzima kisha asubiri kusikia kama ana mshahara.

Ndiyo maana M-Pesa iliingia pale kadi zilipokwama. Mwaka 2020, wakati wa korona, ada za kutuma kiasi kidogo zilipoondolewa kwa muda, watu wengi wakazoea kulipa nauli kwa simu. Leo kondakta wa njia yetu ana Pochi la Biashara, anataja namba yake kwa sauti kama anayetaja majina ya watoto, na abiria wanatuma. Pesa haziendi kwa tajiri. Zinaingia kwenye simu ya kondakta, naye anatoa hesabu jioni kama zamani. Hakuna kilichobadilika isipokuwa noti.

Sisemi haya kumdharau kondakta. Nina sababu za kumtetea. Mama yangu anapotaka embe zimfikie binamu yangu Nairobi, hampeleki mtu. Anampa kondakta gunia pale Malili na namba ya simu, na jioni binamu anapiga kushukuru. Kuna siku hulipii gunia, kuna siku unatozwa kama abiria, hutegemea mnajuana vipi. Huku Seoul mzee wa miaka 65 anapanda treni ya chini ya ardhi bure, kwa kadi yake maalumu, bila kumwomba mtu. Mama yangu angestahili hiyo kwa umri. Nikimwambia, anauliza nani atampokea mzigo mlangoni. Nimekosa jibu, kwa sababu kwa kweli hakuna.

Konza yenyewe imezoea kupitwa. Ilikuwa njia panda ya reli ya zamani, pale tawi la kwenda Magadi linapoachana na njia ya Mombasa. Treni ya SGR, tangu 2017, inapita karibu na kwenda zake. Ukitaka kuipanda, vituo vya abiria viko Athi River upande mmoja na Emali upande mwingine. Mji wake wa teknolojia, ekari 5,000, ulizinduliwa na rais Mwai Kibaki Januari 2013, miezi michache kabla ya BebaPay. Humo ndani ndimo inamojengwa Kenya-AIST, taasisi ya sayansi iliyochorwa kwa mfano wa KAIST, kwa mkopo wa Korea. Kwa hiyo siku hizi mgeni ni wa pande zote mbili. Mkorea anayefika Konza hukuta kwamba dukani na garini wote wanataja namba ya simu, na kupata laini anahitaji pasipoti yake na mtu wa kumweleza. Hapo T-money ingemfaa.

Desemba iliyopita nilikaa kiti cha mbele kutoka Machakos Country Bus, na kondakta alikuwa mtu niliyesoma naye shule ya msingi. Tulipopita Athi River akaja kukaa karibu, nikamsimulia habari za Seoul, na za wale wasichana. Hakuuliza kuhusu mashine hata moja. Aliuliza, "Sasa hao wasichana walienda wapi?"

Nikamwambia sehemu ninayoijua: uchumi wao ulikuwa unakua kwa kasi, viwanda na ofisi vilikuwa vinaajiri, wengine waliolewa, wengine waliachwa hivyo hivyo. Akafikiri kidogo. "Basi hiyo kadi iliwakuta wameshatoka. Sisi waliileta ndiyo itutoe."

Alikuwa amelisema kwa sentensi mbili. Nikamwuliza, akilipwa mshahara wa mwezi, angeivaa mashine shingoni? Akacheka, akasema angelala nayo. Akataja kiasi, na hakikuwa cha kutisha. Nikauliza kama amewahi kumtajia mwenye gari. Akasema mwenye gari ni mwalimu mstaafu, gari lenyewe ni la mkopo, na benki haisubiri. Asipoiona hesabu jioni, halali. Kisha akainuka, maana tulikuwa tunakaribia Kyumbi na kulikuwa na watu wa kushuka.