Milima ya Ruwenzori

Baina ya Uganda na Kongo imesimama safu ya milima ya Ruwenzori. Kilimanjaro ni mwana wa moto. Ruwenzori haikuzaliwa na volkano, bali ni miamba ya kale iliyoinuliwa na nguvu za ardhi, hata kilele chake, Margherita, kikafika mita 5,109. Mawingu huifunika siku nyingi, na msafiri aweza kupita chini yake asiione.

Ptolemy aliandika habari za Milima ya Mwezi, ambayo theluji yake huulisha mto Nile, na wengi huamini kuwa ndiyo hii. Stanley aliiona theluji hiyo mwaka 1888. Mwaka 1906 Luigi Amedeo, mwana wa ukoo wa kifalme wa Italia, alifika kileleni akakipa jina la Malkia Margherita. Lakini Wakonzo, wenyeji wa miteremko hiyo, walikwisha kuiita theluji nzururu kabla ya wageni hao kufika.

Tangu 1906 sehemu kubwa ya barafu imeyeyuka kwa kuzidi joto la dunia. Apandaye leo hukanyaga mwamba mtupu palipokuwa na barafu. Jina la malkia halina hofu, limo katika ramani. Lililo hatarini ni nzururu, maana neno lililofiwa na kitu chake ni yatima.