Mafuta ya mbono na kichwa cha mtoto

Sisi wa Vitshumbi tunaishi kwa samaki ya Ziwa Edouard, ndani ya Mbuga ya Virunga iliyoundwa mwaka 1925. Kulima mbugani ni marufuku, ndiyo maana mbegu za mbono tunazinunua soko la Kiwanja.

Tate zetu walizikaanga, wakazitwanga, wakazichemsha na maji mingi, kisha wakaengua mafuta yaliyoelea. Mbegu mbichi ni sumu, kwa hiyo watoto tulifukuzwa karibu na kinu. Jioni tulikaa kati ya magoti yao, wakatupaka na kutusuka. Nywele zililainika, hazikukatika ovyo.

Lakini tuseme ukweli. Mtoto wetu mmoja alipopata mapunye, tulimpaka mafuta wiki nyingi, na chanuo nyumbani lilikuwa moja tu. Wadogo zake wawili wakapata nao. Mapunye yanaletwa na kuvu. Inaingia mpaka ndani ya unywele, na mafuta hayaiui. Vidonge vya muganga ndivyo viliwaponyesha, navyo vilimezwa wiki kadhaa.

Je, tuache mbono? Hapana. Mafuta ni chakula cha nywele, si dawa ya kila ugonjwa. Wazazi wenzetu, tufundishe mabinti kuyapika, kila mtoto awe na chanuo chake, na tusichelewe kwenda kituo cha afya. Mkono unaosuka ndio unaoona doa la kwanza. Hiyo desturi tusiipoteze.