Kalamu ya Mchora Katuni

Sisi wachora katuni hatuna jukwaa wala kura bungeni. Tuna kalamu na wino. Sanaa yetu ni ndugu ya kanga: husema kwa fumbo, na mlengwa hujijua. Christian Gregory alipomchora Chakubanga katika gazeti la Uhuru, wasomaji walicheka, na katika kucheka wakajiona. Mfumo wa vyama vingi uliporudi nchini mwaka 1992, magazeti yaliongezeka, na kazi yetu ikaongezeka pia.

Lakini wingi wa kicheko si kipimo cha ukweli. Siku moja tulimchora mkulima mwenye viraka akizishangaa taa za mjini. Mzee mmoja, jirani yetu, aliyekuwa akicheza bao barazani, alilitazama gazeti asicheke. “Mwanangu,” alisema, “huyu ni mimi. Mbona aliyenipunja pamba yangu kwenye mizani hukumchora?” Tulikosa jibu.

Kumcheka mnyonge ni rahisi, kwa kuwa hana pa kushtaki. Tangu siku hiyo, kabla ya kuchovya kalamu, tunajiuliza: kicheko hiki kitamwangukia nani? Utamaduni wa taifa haujengwi kwa kicheko kinachomwongezea mnyonge mzigo.