Randa ya mia moja na cherehani ya Uskoti

Wahenga walisema kipya kinyemi ingawa kidonda. Nami, msomaji mpenzi, sina ugomvi na wahenga, lakini nadhani aliyeyasema hayo hakuwahi kununua randa mpya ya bei nafuu akaiona ikipoteza makali kabla ya kumaliza ubao wa kwanza. Leo nataka tuzungumze kuhusu vya kuukuu. Sisemi nguo za mitumba, ambazo kila mmoja wetu amezijua tangu utotoni. Nasema vifaa vya kazi: randa, patasi, tupa, jiriwa, na hasa cherehani. Ikiwa una kijana anayemaliza chuo cha ufundi mwaka huu, au wewe mwenyewe ni mwanafunzi unayetaka kujitegemea, basi sogea karibu.

Mimi nilikulia Kariokor, kule kwenye maghorofa, hatua chache kutoka sokoni. Jina la mtaa huu, kama ujuavyo, latokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa Vita vya Kwanza vya Dunia, vya mwaka 1914 hadi 1918. Ndio hao hao walioipa Dar es Salaam Kariakoo yake. Walibeba risasi na vyakula vya jeshi la Waingereza mabegani na vichwani, na maelfu kwa maelfu hawakurudi makwao. Siku hizi mtu akitaja Kariokor unafikiria nyama choma, viondo na ndara za ngozi. Lakini kwa miguu tu kutoka hapo unafika Gikomba, na kwa miguu tu unafika Kamukunji kwenye kelele za nyundo, na katika mzunguko huo mdogo hakuna kifaa cha ufundi ambacho hutakikuta kikiuzwa kwa mara ya pili, ya tatu, au ya tano.

Nimesoma kwamba huko Marekani kuna watu ambao starehe yao ni kuzunguka minadani wakitafuta bunduki kuukuu na vyombo vya kujazia upya maganda ya risasi, na akiangukia ya bei ya chini hujisifu mwaka mzima. Kwetu bunduki ni jambo la leseni, chini ya Sheria ya Silaha, Sura ya 114, na mtu anayekunong'oneza uchochoroni kuhusu ya bei rahisi anakuuzia kifungo. Hata hivyo msisimko wao naufahamu vizuri. Sisi huupata kwenye rundo la vyuma.

Baba yangu mdogo ni seremala. Jumamosi moja nilimsindikiza kwa muuzaji wa vyuma chakavu, wale wanaopima kwa kilo. Alikuwa akitafuta bawaba. Chini ya mabomba yaliyopinda na sufuria zilizotoboka akaona kitu cheusi chenye kutu, akakiokota, akakigeuza, akanyamaza. Naye hanyamazi ovyo. Ilikuwa randa ya Stanley, namba 4, ile iliyotengenezwa Sheffield, Uingereza. Muuzaji akaitia kwenye mizani, haikufika kilo mbili, akasema shilingi mia moja. Tulipofika nyumbani baba mdogo aliilowesha kwenye mafuta ya taa usiku kucha, akaisugua kwa msasa, akanoa kisu chake juu ya jiwe hadi kikaweza kunyoa nywele za mkono. Ndiyo anayoitumia hadi leo, na mafundi wenzake wameshamwekea mezani elfu tatu akakataa.

Utasema, ama kweli bahati haina kwao! Lakini hebu fikiria: watu wangapi walipita pale asubuhi ile? Rundo lilikuwa wazi kwa kila mtu. Yeye alijua kwamba mwili wa randa ni chuma cha kusubu, ambacho kikianguka sakafuni hupasuka, na mafundi wengi wa jua kali hawawezi kukichomelea kikashika. Ndiyo sababu kitu cha kwanza alichofanya ni kupitisha ukucha mdomoni mwa randa kutafuta ufa. Alijua kupima urefu wa kisu kilichosalia. Kutu haikumtisha, maana ilikuwa ya juu juu. Yote hayo aliyafanya kwa nukta chache, huku akiulizia bei ya bawaba.

Na si kila kilichotupwa ni johari. Gikomba imeungua mara nyingi, na moto wa Juni 2018 uliua watu zaidi ya kumi. Baada ya kila moto hutokea vifaa vingi vya bei ya kutupa. Usiviguse. Chuma cha pua kikipita motoni namna ile hupoteza ugumu wake. Patasi utainoa asubuhi na saa nne itakuwa butu kama kijiko. Wauzaji wengine huvipaka rangi mpya. Mimi kifaa kikuukuu chenye rangi inayong'aa kuliko umri wake hunitia wasiwasi zaidi ya chenye kutu.

Sasa tuje kwenye cherehani, maana najua kina mama wengi ndilo walilongojea. Mpwa wangu alipomaliza masomo ya ushonaji, wazazi wake walikuwa na shilingi elfu nane tu. Mpya ya kukanyaga iliuzwa zaidi ya mara mbili ya hiyo. Tukaenda kuzunguka, yeye, mimi na fundi mmoja mzee wa cherehani tuliyemlipa mia tano na chai. Hizo mia tano, msomaji, ndizo fedha zilizotumika vizuri kuliko zote siku hiyo.

Yule mzee alitufundisha kuanza na namba. Singer za zamani zina namba iliyogongwa kwenye chuma cha kitako, upande wa kulia. Ikianza na herufi mbili, ya kwanza ikiwa E, basi ilitoka Clydebank, Uskoti, kwenye kiwanda kilichofungwa mwaka 1980. Kwa hiyo hata iliyo changa kati ya hizo imepita miaka arobaini, na nyingi bado zinashona kama jana. Halafu zungusha gurudumu kwa mkono, polepole, kuelekea kwako. Ikiwa zito pote, huenda ni mafuta yaliyoganda tu, na hayo huyeyuka kwa mafuta ya taa na subira. Ikiwa jepesi kisha likakwama mahali pamoja kila mzunguko, weka chini uondoke. Shika mti wa sindano uutikise. Ukicheza kushoto na kulia, mashine imechoka. Kisha fungua chini uangalie bobini. Ikiwa ni ya duara, na kikopo chake ni cha kawaida, vipuri utavipata mjini bila taabu. Ikiwa ni ile ndefu inayokaa ndani ya kitu chenye umbo la mtumbwi, basi hakikisha mtumbwi wenyewe upo, maana kuutafuta ni kama kutafuta meno ya kuku.

Na zile za umeme zinazofika kwenye makontena kutoka Marekani? Tazama maandishi kwenye mota kabla ya kutazama uzuri. Umeme wao ni wa volti 120, wetu ni 240. Ukiichomeka ukutani moja kwa moja itatoa moshi kabla hujatia uzi.

Tulizunguka siku tatu. Ya nne tukaipata, ya Clydebank, meza imeliwa na mchwa pembeni, mkanda umekatika, kichwa kizima. Shilingi elfu saba. Fundi mzee alitaka kucheka akajizuia hadi tulipofika barabarani.

Lakini kuna bahati nyingine ambayo lazima tuiseme. Bei huwa chini kwa sababu fulani. Mara nyingine muuzaji hajui alicho nacho, kama yule wa vyuma chakavu, ambaye ni mfanyabiashara na alipata faida yake kwa kilo. Mara nyingine muuzaji ana shida. Mama mmoja mjane wa Ziwani alimwita baba mdogo aje atazame sanduku la marehemu mumewe. Ndani mlikuwa na randa mbili, patasi sita za Sheffield, keekee, na msumeno uliofungwa kwa kitambaa chenye mafuta. "Fundi, nipe elfu moja na nusu uchukue yote," akasema. "Kodi inadaiwa."

Kijana aliyekuwa nasi akanikanyaga mguu. Biashara ni biashara, akaniambia baadaye. Angeuza vile vitu kwa zaidi ya elfu kumi kabla ya jioni. Baba mdogo aliketi, akaomba maji ya kunywa, akavipanga vyote mezani akivitaja bei kimoja kimoja. "Mama, hizi patasi peke yake zinapita kodi yako," akasema. Akanunua mbili kwa bei ya haki, kwa kuwa hakuwa na fedha za zaidi, na wiki ile akamletea mafundi wengine watatu. Kijana yule bado anamwita mjinga. Mimi nimelifikiria sana, na nikiri sioni hoja ya kumtetea kijana. Kununua kwa anayeuza ili kula, huku ukijua asichokijua, si umahiri wa kununua.

Sababu ya tatu ya bei kuwa chini ni wizi, na hapa naomba wanafunzi mnisikilize. Kifungu cha 322 cha Kanuni ya Adhabu ya Kenya chasema anayepokea mali ya wizi, akijua au akiwa na sababu ya kuamini kwamba ni ya wizi, anaweza kufungwa hadi miaka 14. Sababu ya kuamini! Namba iliyosuguliwa kwa tupa ni sababu. Muuzaji asiyetaka kutaja jina lake ni sababu. Cherehani nzima inayouzwa saa mbili usiku na mtu anayetazama nyuma ni sababu tosha.

Siku tuliyonunua ile ya mpwa wangu, fundi mzee alidai karatasi. Jina la muuzaji, namba ya kitambulisho, simu, tarehe, bei, na namba ya mashine, sahihi mbili. Muuzaji alinung'unika kidogo akaandika. Mpwa wangu akaiweka kwenye droo ya cherehani.

Miezi mitatu baadaye, akiwa kwenye kibanda chake anashona bitana za viondo, akaingia mama mmoja akasimama mbele ya mashine. "Hii ni yangu," akasema. "Iliibwa Krismasi." Watu wakaanza kukusanyika, na unajua jinsi umati wa sokoni unavyogeuka. Nilipigiwa simu, "Mjomba, njoo haraka." Nilipofika nilikuta karatasi mbili zimelazwa juu ya meza: ile ya kutoka kwenye droo, na risiti ya zamani ya yule mama, iliyokunjwa hadi ikachakaa. Herufi mbili za mwanzo zilifanana. Namba zilizofuata hazikufanana hata kidogo, na ile iliyogongwa kwenye chuma ilikuwa ya kwetu.

Yule mama alikaa kwenye kiti cha wateja akalia. Alikuwa amelea watoto wanne kwa mashine ile. Mpwa wangu akamnunulia chai, akainakili namba yake kwenye vipande vya karatasi, nasi tukazunguka tukivibandika kwenye vibanda vya mafundi, Kariokor hadi Gikomba. Hadi naandika haya, haijaonekana.