Hema Lisilo na Sakafu

Barabara ya changarawe iliishia juu ya Pagosa Springs, kusini-magharibi mwa Colorado. Rafiki yangu wa Tanga akateremsha shanta lake garini, akalinyanyua kwa mkono mmoja, akaridhika. Kisha akanyanyua langu. "Mangi, uzito wa kwenda tumeujua. Wa kurudi je?"

Huo uzito wa kurudi ndio uliotufanya tubishane juu ya hema kwa miezi. Tulikuwa tunakwenda kuwinda wapiti, kulungu mkubwa wa Amerika Kaskazini, kwa upinde, ndani ya nyika ya Weminuche katika milima ya San Juan. Dume lililokomaa hufika kilo 300 na zaidi, na jike hupita kilo 200. Sheria ya Colorado inamtaka mwindaji aitoe porini nyama inayolika, asiiache ioze. Tena Sheria ya Nyika ya mwaka 1964 inakataza vyombo vya injini na vya magurudumu humo, hata mkokoteni wa kusukuma kwa mikono. Weminuche ina ukubwa wa kilomita za mraba 2,000 hivi, na asiye na farasi hubeba kwa mgongo. Kila gramu ya hema inayopanda mlimani itachukua nafasi ya nyama wakati wa kushuka.

Uzito niliujulia Kilimanjaro. Kabla ya kuhamia Marekani nilikuwa mgumu, kama tunavyojiita wapagazi wa mlima ule, na mzigo wa wageni ulipimwa getini usizidi kilo 20. Huko ndiko nilikolala kwa mara ya kwanza ndani ya hema lisilo na sakafu: lile kubwa la kulia chakula, ambalo sisi wapagazi tulihamia baada ya wageni kwenda kulala. Tulijipanga juu ya udongo mtupu bila godoro la maana, na baridi ilipanda kutoka chini. Kwa hiyo rafiki yangu aliponionyesha nyumbani kwake Aurora hema la kisasa la namna hiyo, tena la bei kubwa, sikufurahi. Yeye ni fundi cherehani, akanijibu kifundi.

"Sakafu ya hema haikupi joto, ndugu yangu. Joto la chini unalipata kwa godoro. Sakafu ni kitambaa tu, na kitambaa ni uzito."

Nilipopima nilikuta anasema kweli. Hema la kawaida la watu wawili linalohimili theluji, lenye sakafu na tabaka mbili, lina kilo tatu hivi. Hema la piramidi la turubai jepesi, lenye mlingoti mmoja katikati, lilikuwa na kilo moja na nusu pamoja na vigingi, na nafasi yake ndani ni karibu mara mbili. Hapo ndipo penye faida yenyewe. Ile kilo na nusu uliyookoa unaweza kuitumia kwa jiko la titani, bati jembamba linalokunjwa likalala bapa shantani na bomba lake la moshi likaviringishwa kama mkeka. Ukiwa na uzito uleule wa hema la sakafu, unapata nyumba yenye moto.

Tuliyapanga mahema matatu ya namna hiyo sebuleni. La kwanza lilikuwa la nailoni iliyopakwa silikoni. Nailoni ni imara na bei yake si mbaya, lakini hunywa maji: mvua ikikesha kitambaa kinalegea, na lazima utoke gizani kukaza kamba. La pili lilikuwa la Dyneema, kitambaa kisichovutika wala kunywa maji, ambacho asili yake ni matanga ya mashua za mashindano. Hilo lilikuwa jepesi kuliko yote, lakini bei yake ilikuwa zaidi ya maradufu. Tena kitambaa hicho hakipendi joto, nami sikutaka kulala kando ya jiko huku nikihesabu cheche. La tatu lilikuwa la poliesta yenye silikoni. Kwa nguvu linazidiwa kidogo na la nailoni, lakini likilowa halilegei sana. Tulichagua hilo la tatu. Rafiki yangu akalikata ubavuni, akashonea kipande cha kitambaa kisichoshika moto kwa ajili ya bomba, kisha akapaka silikoni nyepesi kwenye kila mshono. Si maturubai yote ya namna hii yanayokuja yamezibwa mishono, na mshono usiozibwa unavuja mvua ya kwanza.

Tulianza kupanda alfajiri. Njia inapita kwenye misitu ya misprusi ambayo imekufa kwa maelfu, miti imesimama ya kijivu bila sindano. Mbawakawa wa magome waliishambulia kwa miaka mingi, na mwaka 2013 moto mkubwa ukapita katika eneo hilo na kuunguza zaidi ya hekta 40,000. Uzuri wa milima hii unaumiza moyo kwa sababu hiyo. Kwa mwenye kutafuta mahali pa kulala, miti hiyo ni hatari ya wazi: ikivuma upepo wa usiku, shina lililokauka huanguka bila kutoa sauti ya kutahadharisha. Kabla ya kuutazama udongo, tazama juu. Tuliacha uwanja mzuri sana ulionyooka, wenye nyasi laini, kwa sababu ya misprusi mitatu mikavu iliyokuwa imeuinamia.

Kuacha huko si kazi ndogo mtu akiwa amechoka. Hema la sakafu humsamehe mzembe kidogo, lakini hili halimsamehe. Ukilisimamisha kwenye bonde, hewa ya baridi iliyoteremka usiku inatuama humo na unyevu wa kijito unakuja kuganda ndani ya turubai, asubuhi unaamka chini ya matone. Kwenye kishimo, maji ya mvua yanapita chini ya godoro lako. Mtaro hauruhusiwi kuchimbwa, wala haifai. Ardhi ya juu namna hii huchukua miaka mingi kupona. Tulichotafuta ni tambarare ndogo katikati ya mteremko, iliyoinuka kidogo kuliko pande zake, chini ya miti hai, juu ya udongo unaopitisha maji. Tuliipata kwenye mita 3,200 hivi, chini ya pale miti inapokoma.

Kulisimamisha ni haraka ukishajua. Unapigilia pembe nne kwanza, zikae mraba kamili bila kuzikaza. Unaingia na mlingoti, unausukuma juu hadi kileleni, kisha unatoka na kukaza zilizobaki. Ardhi ya San Juan ina mawe mengi, na vigingi viwili viligoma kuingia, tukafunga kamba kwenye mawe makubwa. Pindo la chini tuliliacha juu ya ardhi kwa upana wa kiganja, na tundu la kileleni tukalifungua. Wengi hulibana pindo hadi chini wakidhani wanazuia baridi, kumbe wanafungia pumzi zao ndani, na pumzi ndiyo inayogeuka maji. Ndani, upande wetu wa kulala, tulitandika kipande cha karatasi ngumu ya kufunikia kuta za nyumba zinazojengwa. Upande wa pili tukauacha udongo mtupu kwa ajili ya jiko, buti na pinde.

Mvua ya mawe ilitukuta jioni tukirudi kutoka kusikiliza madume. Septemba ndio mwezi wao wa kutafutana na majike, na mlio wao ni mkali, unaanza chini na kupanda hadi unakuwa kama filimbi. Tuliingia hemani na buti za matope miguuni, makoti yakichuruzika, na hapo ndipo niliposalimu amri kabisa. Kwenye hema la sakafu ungekaa mlangoni nusu nje, ukivua kiatu kimoja kimoja na kunyeshewa mgongo. Hapa tulisimama karibu na mlingoti, tukatundika makoti kwenye kamba iliyopita juu, tukawasha vijiti vya msprusi mkavu vyenye unene wa kidole gumba. Baada ya dakika chache tulikuwa tumebaki na fulana.

Jiko hili lina masharti yake. Hupata joto upesi na hupoa upesi, kuni zikiisha baridi imerudi, kwa hiyo halikupashi moto usiku kucha. Kazi yake ni kukausha nguo na kupika kabla ya kulala. Msilale likiwa linawaka. Moto unaokosa hewa hutoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, na imeua watu ndani ya mahema. Bomba jipya lazima lipashwe moto nje kwanza, nyumbani, ili lishike umbo. Na Idara ya Misitu ikitangaza katazo la moto mwaka wa ukame, jiko la kuni hubaki nyumbani, unabeba la gesi.

"Shehe," nilimwambia, "aliyebuni hili alijua baridi."

Walioanza ni watu wa nyanda za Amerika, waliokaa na moto katikati ya hema la ngozi za nyati na kuupitishia moshi kileleni. Ofisa wa jeshi la Marekani, Henry Hopkins Sibley, aliliiga umbo hilo na kupata hataza ya hema lake lenye umbo la pia mwaka 1856, lenye nguzo moja, na jiko linalobeba jina lake halikuwa na kitako: lilisimikwa juu ya udongo mtupu, kama hema. Weminuche yenyewe ni jina la ukoo mmoja wa Waute. Milima hii ilitoka mikononi mwao kwa mkataba wa Brunot wa mwaka 1873, wachimba madini walipoitaka, ingawa haki ya kuwinda humu haikufa na Waute wanaitumia hadi leo. Nilifurahi rafiki yangu alipotaka kuyasikia hayo yote kabla hajazima taa.

Alfajiri moja yenye baridi kali jike lilitoka msituni likatusogelea, hatua kama thelathini. Rafiki yangu alitamka "Bismillahi, Allahu Akbar" mshale ulipotoka. Halikwenda mbali. Tulilikuta limeshakufa, na kwa kuwa jina la Mungu lilitajwa wakati wa kupiga, kwake nyama ile ni halali. Tulilichuna pale pale, tukatoa nyama kwenye mifupa na kuitia katika mifuko ya kitambaa inayopitisha hewa, kisha tukaitundika mtini mbali na hema. Dubu weusi wapo wengi. Wale wakubwa wa kahawia hawajathibitishwa tena Colorado tangu 1979, wa mwisho alipouawa katika San Juan hii hii.

Nyama safi ilipita kilo 60. Safari ya kwanza ya kushuka tuliliacha hema limesimama na kubeba nyama peke yake, na kamba za shanta zikanikumbusha njia ya Machame kule Kilimanjaro. Tuliporudi juu tulikuta theluji imefunika njia, lakini kuta za piramidi ni mwinuko mkali na theluji ilikuwa imeteleza yote ikalundikana pembeni. Mlingoti haukuwa umepinda. Tulilala, asubuhi tukang'oa vigingi. Hema, jiko na bomba vyote vikaingia chini ya nyama iliyobaki, na shanta likafungika.

Kasoro niliyoiona ni panya. Walipita chini ya pindo usiku na kutoboa mfuko wa karanga, kwa hiyo chakula chote lazima kining'inizwe. Upepo nao ulipogeuka ulipuliza theluji nyembamba hadi kwenye godoro langu. Kwa Septemba linavumilika. Lakini tumeomba vibali vya bunduki vya Novemba, wakati theluji imetanda kweli, na rafiki yangu ameshanunua mita kadhaa za poliesta. Anashona pindo la ziada la kuzunguka chini, upana wa sentimita 30, la kufukiwa na theluji upepo ukizidi na kuviringishwa juu hali ikiwa nzuri. Ninamwambia asilishone moja kwa moja kwenye turubai bali alifunge kwa vitanzi, ili Septemba libaki nyumbani. Yeye anasema vitanzi vitapitisha upepo. Jumamosi tunalisimamisha nyuma ya nyumba yake, tujaribu yote mawili.